Je, Wajua? Mjusi wa Jangwani Aliyepanga Kando ya Ziwa

Sori, huku Karungu, Kenya, imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, kubwa kuliko yote Afrika. Hata hivyo mjusi agama, yule wa miambani ambaye dume lake lina kichwa cha rangi kali, huendesha maisha kana kwamba maji yanauzwa kwa kijiko.

Je, wajua kwamba hana mkojo wa majimaji? Chunguza kinyesi chake juu ya jiwe: kipande cheusi chenye ncha nyeupe kama chokaa. Hiyo nyeupe ndiyo mkojo wenyewe, asidi ya yuriki iliyokamuliwa maji karibu yote kabla ya kutoka. Kuku wako hufanya hivyo hivyo. Maji mengi anayohitaji huyapata ndani ya siafu, panzi na mbawakawa anaowala.

Je, wajua kwamba ulimi wake una ncha yenye ute wa kunata? Kwa mchwa na chungu, hiyo ni gundi.

Je, wajua kwamba ana jicho la tatu? Liko utosini, chini ya gamba dogo angavu kuliko mengine. Halioni sura wala umbo, hupima mwanga tu, na humsaidia kujua ameota jua vya kutosha au bado. Mjusi kafiri wa ukutani hana jicho hilo. Yeye ni mtu wa usiku, jua la nini?

Je, wajua kwamba ukimwona dume asubuhi na mapema unaweza kudhani ni jike? Akiwa na baridi huwa kahawia ya mavumbi tu. Jua likimpata ndipo rangi zinapopanda, naye huanza kupiga pushapu juu ya jiwe refu kuliko yote ya pale. Hafanyi mazoezi: anawaambia madume wengine kwamba mwamba una mwenyewe na majike wana mume. Akipigwa na mpinzani, rangi hufifia papo hapo. Laiti wanasiasa wetu wangekuwa hivyo.

Je, wajua kwamba ni mayai ya agama yaliyowafungua macho wanasayansi kuhusu jinsia ya reptilia? Mwaka 1966, huko Dakar, Senegal, mtafiti Madeleine Charnier aliatamisha mayai ya agama wa Afrika Magharibi katika joto tofauti. Kwenye nyuzi 26 hadi 27 za Selsiasi walitoka majike karibu watupu. Kwenye 29, madume. Nyuzi mbili tatu tu! Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba joto la kiota laweza kuamua dume au jike kwa reptilia. Baadaye kasa na mamba nao wakagunduliwa kuwa na tabia hiyo. Kwa hiyo jike anapochimba shimo la kutagia kwenye udongo wenye unyevu, mahali anapochagua si jambo dogo.

Je, wajua kwamba mkia wake umewafundisha watu kuunda roboti? Mwaka 2012 watafiti wa Berkeley, Marekani, walimpiga picha agama akiruka kutoka kwenye kibao chenye utelezi kwenda ukutani. Miguu ikiteleza, mwili huanza kubinuka kichwa chini; mjusi akarusha mkia juu, mwili ukarudi sawa, akatua ukutani salama. Wakatengeneza kigari chenye mkia, kikafaulu mchezo huo huo. Kwenye mawe ya Karungu huo mchezo unachezwa kila siku bure, na watoto ndio wanaomrusha kwa kumtupia mawe.

Je, wajua kwamba ziwa lenyewe liliwahi kukauka? Mashapo ya chini yake yanaonyesha kwamba zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, panapovuliwa omena leo palikuwa nyika. Na katika mashapo ya kale zaidi ya Karungu na Rusinga imepatikana mifupa ya punda milia wa Grevy, yule wa nyika kame za Samburu na Marsabit. Ukame si mgeni huku.

Je, wajua kwamba mmoja wa ukoo wa agama ana jina la mji wa ziwa hili? Ni agama wa Mwanza, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Dume ni wa waridi kuanzia kichwani hadi kifuani na buluu kwingineko, na watalii wa Serengeti na Maasai Mara humwita Spider-Man.

Je, wajua kwamba binamu yake wa mchangani Oman hutikisa mwili mzima na kuzama ndani ya mchanga kwa sekunde chache? Na yule mwenye miiba wa Australia hunywa kwa ngozi: akikanyaga mchanga wenye unyevu, maji hupanda kwenye vijifereji kati ya magamba hadi mdomoni.

Je, wajua kwamba meno mengi ya agama yameungana na taya na hayaoti tena yakilika? Ukimshika atakung'ata, ingawa meno ya mzee ni butu kuliko ya kijana. Lakini sumu ya kumdhuru mtu hana.