Maji ya Ziwa Tanganyika Yanapopanda: Kwa Nini Gati na Mialo Huathirika kwa Muda Mrefu

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Mji mdogo wa Mpui upo juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Ingawa mawimbi ya maziwa hayo hayafiki huko, dagaa na migebuka wanaouzwa katika masoko ya uwandani hupitia kwanza katika gati na mialo ya Kasanga, Kipili, Kirando na Kabwe. Kwa sababu hiyo, kupanda kwa kina cha maji ya ziwa ni jambo linalomhusu mvuvi, mfanyabiashara na mlaji kwa pamoja.

Katika mwaka wa kawaida, maji ya Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa chini ya mita moja. Kilele hufikiwa mwezi Mei, wakati mvua zimekwisha kukatika huko uwandani, kwa kuwa mito huendelea kuleta maji. Kipindi hicho ndicho pia upepo mkali wa kusini mashariki huanza kuvuma. Maji ya juu na mawimbi makubwa hukutana, na hapo ndipo miundombinu ya ufukweni hupata madhara zaidi.

Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, hali huwa tofauti. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, unaoelekea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke, na kazi hiyo ni ya polepole. Maji yaliyopanda kwa misimu miwili au mitatu yanaweza kuchukua miaka mingi kurejea yalipokuwa.

Historia inathibitisha jambo hilo. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na mimea, na ziwa likapanda hadi mwaka 1878. Kizuizi hicho kilipovunjika, maji yalishuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliyapandisha tena hadi kilele cha mwaka 1964. Mwaka 2020 na 2021, wakazi wa fukwe za ziwa hili walishuhudia tena nyumba, barabara na mialo ikifunikwa na maji.

Gati la zege hujengwa kwa kimo kimoja kisichobadilika. Maji yakikaribia sakafu yake, mawimbi huigonga kutoka chini, huilegeza na kuchimba udongo unaoshikilia nguzo. Boti husimama juu kuliko gati, hivyo kupakia mizigo na kushusha abiria huwa kwa hatari. Gati likizama kabisa, hugeuka kuwa mwamba uliofichika unaoweza kupasua mtumbwi usiku. Aidha, barabara inayoingia bandarini inaweza kujaa maji hata kama gati lenyewe bado ni zima.

Katika mialo isiyo na gati, kinachopotea ni ufukwe: mahali pa kuvuta mitumbwi, kuanika dagaa na kuuzia samaki. Upande wa Ziwa Rukwa tatizo huchukua sura nyingine. Ziwa hilo halina mto wa kutolea maji na kingo zake nyingi ni tambarare, hivyo ongezeko dogo la kina husogeza maji mbali sana, na kambi ya wavuvi hulazimika kuhama.

Mojawapo ya njia za kukabiliana na hali hii ni gati linaloelea, ambalo hukaa juu ya maboya na kuunganishwa na nchi kavu kwa daraja lenye bawaba. Hupanda na kushuka pamoja na maji, ingawa huhitaji nanga imara na kinga dhidi ya mawimbi. Kwa gati la kudumu, kimo kinapaswa kupangwa kwa kuzingatia vilele vya maji vilivyowahi kurekodiwa. Kupima kwa kufuata maji yalipo siku ya ujenzi hakutoshi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mbali na kulinda mazingira, umbali huo humwachia mwananchi nafasi ya usalama ziwa linapopanua mipaka yake.

Wamiliki wa boti na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi wanashauriwa kuweka alama zinazoonekana juu ya nguzo na kuta zilizozama, kuhamishia mafuta, injini na nyavu sehemu za juu kabla ya Mei, na kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya safari. Anayetaka kujenga upya palipofunikwa na maji awasiliane kwanza na serikali ya kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde husika, kwa kuwa maji yakishuka msimu mmoja, haimaanishi kwamba ziwa limerejea katika hali yake ya awali.