Kamera ya Simu Ikikataa Kuwaka

Hivi majuzi nilihudhuria mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama. Kikundi hiki kina desturi nzuri sana. Kila mkutano ukiisha, katibu hupiga picha ule ukurasa wa daftari la akiba na mikopo, na picha hiyo hutumiwa wanachama wote siku ile ile. Kwa hivyo hakuna mtu anayeweza kubadilisha tarakimu usiku wakati wengine wamelala.

Siku hiyo ilikuwa ya kutoa mikopo. Pesa zikahesabiwa, majina yakaandikwa, katibu akatoa simu na kubonyeza kamera. Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza tena, bado cheusi. Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Na mbona kamera ikatae leo?"

Kijana wa mwanachama mmoja alikuwa hapo karibu. Akasema, "Mama, hiyo simu ina virusi. Tuirudishe vile ilitoka kiwandani, itapona." Mweka hazina, ambaye ni mama mtu mzima, akaichukua simu akaifunga kwenye leso yake. "Ngoja kwanza, mwanangu. Humu ndani kuna picha za daftari za miaka miwili."

Nilimshukuru kimoyomoyo. Kuna kikundi kingine ninachokijua ambacho kilimpelekea fundi simu kwa shida kama hii. Simu ilirudi kamera ikifanya kazi vizuri, lakini ndani hakuna picha hata moja. Daftari lenyewe lilikuwa limenyeshewa. Mpaka leo kuna watu wawili pale ambao hawasalimiani, kwa sababu ya deni ambalo hakuna anayeweza kulithibitisha.

Ndiyo maana nimeona tuzungumze juu ya jambo hili. Mara nyingi kamera ikikataa, haijaharibika. Imezuiwa, imenyimwa nafasi, au inatumiwa na programu nyingine. Nitaeleza zaidi kuhusu simu za Android kwa sababu ndizo nyingi vikundini. Maneno kwenye kioo hutofautiana kidogo kutoka simu moja hadi nyingine, lakini mambo yenyewe ni yale yale.

Kwanza jua ni ugonjwa gani

Mtu akienda zahanati na kusema tu "mimi mgonjwa", daktari atamwuliza anaumwa wapi. Na simu ni hivyo. Je, kamera inafunguka halafu inajifunga yenyewe? Je, inafunguka lakini kioo ni cheusi? Ama inaleta maandishi fulani? Soma hayo maandishi kabla ya kuyafuta. Watu wengi hubonyeza "sawa" haraka haraka, kisha wanasema simu haikuwaambia kitu.

Kama kioo ni cheusi, geuza simu uangalie nyuma. Usicheke, kwa maana nimeona kava iliyonunuliwa ya simu nyingine ikiziba jicho la kamera, na nimeona unga wa mahindi ukiwa umejaa pale. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo kwangu mimi ndilo la maana kuliko yote. Simu nyingi zina kamera mbili, ya mbele na ya nyuma. Jaribu zote mbili. Kama ya mbele inaonyesha picha na ya nyuma haionyeshi, kuna uwezekano mkubwa kwamba kamera ya nyuma yenyewe ina kasoro, hasa kama simu ilianguka. Baada ya hapo fungua WhatsApp, ujaribu kupiga picha ukiwa humo humo. Kama inapiga picha vizuri, basi jicho la kamera ni zima na shida iko kwenye ile programu ya kamera peke yake. Hiyo hauhitaji kufungua simu kwa bisibisi. Lakini kama zote mbili zinakataa kila mahali, usikate tamaa bado, endelea kusoma.

Zima, ngoja, washa

Kamera haiwezi kutumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja. Kama simu ya video haikukatwa vizuri, au kuna programu nyingine iliyoishika kamera kule nyuma, utaambiwa kamera haipatikani. Hata tochi inaweza kuleta shida, kwa sababu ile taa ndiyo ya kamera. Zima tochi, funga programu zote, kisha zima simu kabisa. Ngoja kama dakika moja, uiwashe. Simu ikiwa imeganda kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachilia, nyingine pamoja na kile cha kupunguza sauti, mpaka ijizime na kuwaka tena. Kufanya hivyo hakufuti picha.

Angalia pia chaji. Kamera hula moto mwingi wa betri, na simu nyingi hukataa kuiwasha, au hukataa ile taa yake, betri ikiwa karibu kuisha. Betri iliyozeeka huwa na tabia nyingine: ukifungua kamera tu, simu nzima inazimika hata kama ilikuwa inaonyesha chaji ipo. Hapo mgonjwa ni betri. Na kama simu ilikaa juani mezani mkutano mzima na imekuwa moto, iweke kivulini ipoe polepole. Msiiweke ndani ya friji ya dukani, maana unyevu utaingia ndani.

Ghala likijaa

Hii ndiyo sababu ninayokutana nayo sana katika simu za vikundi. Simu ni ya kikundi, lakini kila mtu anatuma kitu: video za mazishi, za harusi, vichekesho, salamu za asubuhi zenye maua. Simu inazihifadhi zote. Ghala likishajaa mpaka mlangoni, hata gunia moja la mahindi mazuri halina pa kuwekwa. Kamera nayo ikikosa nafasi hukataa kupiga, au hufunguka na kujifunga.

Fungua mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, na utafute sehemu ya hifadhi. Utaona nafasi iliyobaki. Kama ni chini ya GB 1, basi fanya usafi. Anza na video, kwa sababu video moja ya dakika chache inaweza kula nafasi ya picha mia na zaidi. Futa zile za WhatsApp ambazo hazina kazi. Ukishafuta, kumbuka simu nyingi huweka vitu hivyo kwenye pipa la taka kwa muda, kwa kawaida siku 30, kwa hivyo nafasi haipatikani mpaka pipa limwagwe. Kabla ya kulimwaga, watu wawili watazame kama hakuna picha ya daftari au risiti iliyotumbukia humo. Mtu mmoja macho huchoka.

Jambo lingine ni kadi ya memori. Kama simu imewekwa ihifadhi picha kwenye kadi, na kadi ni mbovu au ni ya bandia, kamera inaweza kugoma. Zima simu, toa kadi, washa, ujaribu. Ikifanya kazi, mwenye kosa ni kadi. Ukiirudisha na simu ikuulize kama unataka kuiandaa upya, kataa! Kukubali ni kufuta kila kitu kilichomo. Mpelekee mtu mwenye kompyuta ajaribu kwanza kuokoa picha zilizomo.

Ruhusa

Simu za siku hizi haziruhusu programu kutumia kamera bila idhini ya mwenyewe. Kwenye Android jambo hili lilianza na toleo la 6 mwaka wa 2015. Ukifungua programu mara ya kwanza huulizwa kama unaikubalia kutumia kamera. Mtu akibonyeza "kataa", imekwisha. Programu itaendelea kunyimwa hata kama aliyekataa ni mtoto aliyekuwa akicheza na simu. Tena tangu toleo la 11, la mwaka 2020, programu uliyoipakua ikikaa miezi bila kutumika, simu yenyewe huweza kuinyang'anya ruhusa. Hilo huwapata sana wale wenye programu za kilimo wanazozifungua msimu kwa msimu.

Kurekebisha ni rahisi. Ingia kwenye mipangilio, kisha programu, uchague kamera au ile inayosumbua, ufungue ruhusa, na uikubalie kamera wakati programu inatumika. Mkiwa hapo hapo angalieni programu nyingine ambazo mmeziruhusu. Programu ya tochi au ya mikopo ya simu inataka kamera ya kikundi ya nini?

Tangu toleo la 12, la mwaka 2021, kuna swichi nyingine ambayo wengi hawaijui. Ukivuta kioo kutoka juu kwenda chini unapata vitufe vya haraka: data, tochi, sauti na kadhalika. Miongoni mwao panaweza kuwa na kimoja chenye picha ya kamera. Hicho huzima kamera kwa programu zote kwa mara moja. Kidole kikiteleza hapo, kamera zote mbili zinakuwa vipofu, na kwa macho ya mtu simu imeharibika kabisa. Simu nyingi hukuuliza kama ungependa kuifungulia kamera, lakini mwenye haraka hubonyeza hapana. Toleo hilo pia huonyesha kitone cha kijani pembeni juu ya kioo wakati kamera inatumika. Ukikiona na hukuifungua wewe, jiulize ni programu gani.

Kusafisha programu ya kamera

Kama bado, rudi kwenye mipangilio, programu, kamera. Kuna kitufe cha kulazimisha programu isimame. Bonyeza hicho, halafu ingia kwenye hifadhi, ufute akiba. Akiba hapa si akiba yetu ya chama! Ni vipande vya kazi ambavyo programu imejiwekea, na vikiharibika huikwamisha. Kando yake kuna kitufe cha kufuta data ya programu. Hicho hurudisha kamera ilivyokuwa mwanzo, lakini picha zako hubaki, kwa maana zimehifadhiwa mahali pengine. Wengi huogopa kitufe hiki bila sababu, halafu wanakubali bila woga kile cha kurudisha simu nzima kiwandani, ambacho ndicho cha kuogopwa.

Kama shida ilianza baada ya kupakua kitu fulani, kiondoe. Kama simu inataka kusasishwa, isasishe siku mko mahali penye intaneti ya bure au bando la kutosha, na chaji ikiwa ya kutosha.

Ikibidi kwenda kwa fundi

Simu iliyoanguka au kuingia maji ina haki ya kwenda kwa fundi. Ndani yake kamera imeunganishwa kwa utepe mwembamba sana, na utepe huo huweza kuchomoka. Ya maji izimwe mara moja, na isikaushwe kwa jiko wala kwa kufukiwa kwenye mchele.

Kabla ya kuipeleka, nakilini picha zote kwenye kadi au kompyuta, au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bure, ambazo zinatosha picha nyingi sana za daftari. Toeni laini na kadi. Fundi hahitaji laini ili kufungua kamera, na PIN ya M-Pesa asiombwe wala asipewe mtu. Kumbukeni pia kwamba humo mna picha za vitambulisho vya wanachama, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwambieni fundi wazi, na muandike kwenye karatasi, kwamba simu isifutwe bila ruhusa ya kikundi. Mtu wenu akae pale akiangalia kama inawezekana. Fundi mzuri hakasiriki.

Sasa nirudi kwa wale akina mama. Mweka hazina alipokubali kuifungua leso, tulivuta kioo kutoka juu, na kile kitufe cha kamera kilikuwa kimezimwa. Mjukuu wa katibu alikuwa ameshinda na simu asubuhi. Tukakiwasha, ukurasa ukapigwa picha, mikopo ikatolewa. Yule mama aliyeuliza swali hakusema kitu, alivuta tu kiti karibu na katibu.

Kabla hawajaondoka walinunua kadi ya memori kwa pesa za matumizi madogo. Kila mwisho wa mwezi picha za daftari hunakiliwa humo, na kadi hiyo hukaa ndani ya lile sanduku la kufuli tatu, pamoja na daftari lenyewe. Baadaye nikawauliza, je, sanduku likiungua? Wakaamua nakala nyingine ikae kwa mwenyekiti, na ndipo walipo kufikia sasa.