Upinde na Ithembo: Wapiganaji wa Ukambani ya Kale

Katika Ulaya ya zama za kati, wapiganaji wapanda farasi walijiunga katika mashirika ya kidini yaliyotawaliwa kwa viapo, na mashuhuri miongoni mwayo lilikuwa la Watempla, lililoanzishwa Jerusalemu yapata mwaka 1119, ambalo wafuasi wake waliapa kuishi bila mali wala mke, hadi Papa Klementi wa Tano alipolivunja mwaka 1312. Wakamba wa Kitui na Makueni hawakuwa na shirika la namna hiyo, lakini nao waliifungamanisha vita na ibada, na utaratibu wao ulikuwa wa busara zaidi, kwa kuwa haukumtenga mpiganaji na jamaa zake.

Mvulana alipitia kwanza nzaiko nini, yaani jando dogo la kutahiriwa, kisha nzaiko nene, jando kubwa ambalo uzito wake ulikuwa katika mafundisho, na baadaye akahesabiwa miongoni mwa anake, vijana waliolinda mifugo na kwenda vitani. Silaha yao kuu ilikuwa upinde, na mishale yake ilipakwa sumu iliyochemshwa hadi ikawa nzito na nyeusi, kisha kichwa cha mshale kikaviringishiwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, ili sumu isikauke na mwenyewe asijidhuru.

Aliyeongoza kikosi aliitwa muthiani, naye alipewa cheo hicho kwa ushujaa wake wala si kwa kurithi. Hata hivyo hakutoka kabla ya mundu mue, yaani mganga mwenye kupiga ramli, kutazama njia na kuwakinga vijana kwa dawa. Juu yao wote walikuwapo atumia, wazee wa baraza la nzama, ambao baadhi yao walihudumu katika ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa palipotolewa sadaka za kuomba mvua. Mwanake alipooa na kuzaa alipanda daraja, akawaachia wadogo zake kazi ya vita, na kwa umri akaweza kuwa mzee wa ithembo yeye mwenyewe, jambo lililozuia upinde na hukumu kukaa mikononi mwa kundi moja.

Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaandikisha Wakamba katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, kijana aliapa mbele ya maafisa wa mfalme wa mbali, na nzama haikuulizwa.