Kikao kidogo

Bosi wetu alikuwa na maneno mawili tuliyoyaogopa kuliko barua ya onyo: "Kikao kidogo." Aliyasema saa kumi na dakika hamsini jioni, amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, kama mtu anayepita tu. Hakikuwahi kuwa kidogo. Ajenda moja ilizaa nyingine, chai ikaagizwa, na adhana ya magharibi ikatukuta tunajadili jambo ambalo asubuhi lingekwisha kwa nusu saa.

Ofisi ilikuwa Posta, Dar es Salaam. Mhasibu mwenzangu aliishi Kigamboni na alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Ikifika saa kumi na moja na robo alianza kuibia macho saa ya ukutani, kichwa kakiinamisha kama anayeandika. Sote tulijua anahesabu nini: mwendo wa miguu hadi kivuko cha Magogoni, foleni ya pantoni, bodaboda ya ng'ambo, na maziwa yaliyojaa kifuani tangu mchana. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akaomba ruhusa akaondoka. Bosi hakumkatalia. Aliutazama mlango ukijifunga, akatugeukia sisi tuliobaki, wanaume watano na binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akatabasamu: "Haya jamani, tuendelee sisi wenye kampuni."

Mwisho wa mwaka nafasi ya usimamizi wa idara ilikuwa wazi, nikapewa mimi. Hesabu za mhasibu mwenzangu zilikuwa safi kuliko zangu, na makosa yangu mengi aliyasahihisha yeye kabla hayajafika juu. Sababu niliyoambiwa ni kwamba mimi "najitoa".

Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile. Kusema kweli sikujitoa, nilikaa tu kitini. Nyumbani Tabata alikuwepo mke wangu, aliyempokea mtoto kutoka shule, akasonga ugali na kunifunikia sahani. Niliporudi saa mbili na nusu usiku, maji ya kuoga yalikuwa tayari. Mei Mosi iliyofuata tuliandamana na fulana mpya za kampuni, nikaitwa mbele kama mfanyakazi hodari, nikapewa bahasha na cheti chenye fremu ya plastiki. Mke wangu alikitundika sebuleni mwenyewe. "Na mimi changu kinakuja lini?" aliuliza, akacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Tunapozungumzia usawa wa kijinsia kazini tunapenda kuhesabu vichwa: wanawake wangapi kwenye bodi, wangapi wakurugenzi. Hesabu hizo zina maana yake. Lakini mimi niliyapata madaraka bila mtu yeyote kutamka neno moja baya juu ya wanawake. Yalipitia kwenye kipimo cha uaminifu. Aliyebaki ofisini giza likaingia ndiye mwaminifu, na hakuna aliyeuliza huko nyumbani nani kabaki na mtoto.

Sheria haikumsahau yule mhasibu mwenzangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, mwajiri anatakiwa kumruhusu anyonyeshe ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kifungu cha 7 kinakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake, kwa ndoa au kwa ujauzito. Wiki ya kawaida ya kazi ni saa 45. Kinachozidi hapo ni saa za ziada, zinazohitaji makubaliano na kulipwa mara moja na nusu. Kwa kipimo hicho, vile vikao vidogo vilikuwa deni.

Sasa nitafutie mwanamke aliyeziomba zile saa mbili kwa maandishi. Mwenzangu hakuziomba. Hata angezipata, Posta hadi Kigamboni na kurudi, pantoni likichelewa, zote zingeishia njiani. Alikuwa akikamua maziwa kwenye stoo ya mafaili, kiti kakiegemeza mlangoni kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Mara mbili nilisukuma mlango ule nikitafuta risiti za zamani. Nikaomba radhi, nikaenda zangu. Ningeweza kuagiza kitasa kipya. Fedha za matumizi madogo zilikuwa mikononi mwangu. Sikuagiza. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge sehemu maalumu ya kunyonyeshea, na ningefurahi kuona wabunge wetu wakiiga hapo bila aibu.

Ila kifungu kinachonikera zaidi ni kile cha baba. Baba anapewa siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu zinatosha kununua kanga mbili, kupiga picha na kupokea wageni. Jirani zetu Wakenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wana wiki mbili. Mwite sasa bosi mwenye kupiga hesabu, mweke mbele ya kijana na binti wenye shahada ileile na umri uleule. Binti anaweza kuondoka siku 84, kijana siku 3. Hapo ndipo yanapozaliwa yale maswali ya kwenye usaili: "Umeolewa? Mna mpango gani wa watoto?" Kijana haulizwi. Kama ningepewa nafasi ya kubadili kifungu kimoja tu, ningeanza na siku za baba, kabla ya semina yoyote ya kuwawezesha wanawake. Najua nitaambiwa wanaume watakwenda nazo baa. Wapo watakaokwenda. Wapo pia wanaokwenda baa saa za kazi, na mishahara yao inaingia.

Baba yangu alifanya kazi kiwandani miaka ya sabini, enzi ya Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971. Kifungu cha 15 cha Mwongozo kiliwakanya viongozi wasiwe na kiburi, dharau wala uonevu, na wafanyakazi walikishika hasa; palikuwa na viwanda vilivyosimama kwa sababu tu meneja kamtukana mtu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel, kiwanda cha mpira Dar es Salaam, walikitwaa wakakiendesha wenyewe. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini baba alikuwa na king'ora. Kikilia, mashine zinazimwa, mwanamume na mwanamke wanatoka geti moja. Ofisi zetu za viyoyozi hazina king'ora, na sasa kuna kundi la WhatsApp la kazi linaloamka nasi saa kumi na moja alfajiri.

Kisha mabosi wanatuambia sisi ni familia. Haya, tuitazame familia hiyo siku ya kupunguzwa kazi. Kiinua mgongo ambacho sheria inamlazimisha mwajiri kutoa hakipungui mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, lakini hesabu inasimama kwenye mwaka wa kumi. Kwa hiyo aliyetumikia miaka 10 ana siku 70, na aliyetumikia miaka 25 ana siku 70 zilezile. Mwajiri muungwana anaweza kuongeza. Asipoongeza, uaminifu wa ile miaka 15 ya juu hauna bei.

Yupo mwingine tunayemsahau kabisa. Mwanamke anayebaki kwenye kikao hadi saa moja usiku, mara nyingi nyumbani kamwachia mtoto dada wa kazi. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea dada anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Yeye hana saa kumi na moja ya kutoka. Mama akichelewa kwa sababu ya bosi, dada anachelewa kwa sababu ya mama, na akiondoka bila kuaga tunasema wasichana wa siku hizi hawana shukrani. Nimelisema hilo mwenyewe, sebuleni, chini ya kile cheti.

Mhasibu mwenzangu aliandika notisi ya siku 28 baada ya miaka sita. Alikuwa amepata kazi ng'ambo kulekule Kigamboni, mshahara pungufu kidogo. Bosi aliumia kwelikweli. "Tumemlea," alisema, "halafu anatutupa." Tukatikisa vichwa kumsikitikia.

Wiki ya pili baada ya kuondoka kwake nilimpigia simu, saa moja na robo usiku, kuuliza marejesho ya VAT ya Machi yako wapi.

"Kaka, kabati la tatu, droo ya chini, faili la bluu," alijibu bila hata kufikiri. "Kama hayapo, yatakuwa mezani kwako. Ulikuwa hujasaini."

Nyuma yake nilimsikia mtoto akilia, na sufuria ikiguswa. Nilimshukuru, nikakata simu, nikarudi kikaoni. Chai ilikuwa ndiyo kwanza inaletwa.