Uji wa mtoto na siri ya mnato

Mto Nabuyonga ulipofurika mjini Mbale mwishoni mwa Julai 2022, maji yalipita yakaenda zake, tope likabaki majumbani. Vyote viwili vilishuka pamoja kutoka upande wa Mlima Elgon, lakini kimoja kiliondoka upesi na kingine kikang'ang'ania sakafu mpaka kitolewe kwa sepetu. Tofauti hiyo wanasayansi huiita mnato: kiasi ambacho kimiminika kinakataa kutiririka, kwa sababu tabaka zake zinasuguana zikipitana.

Kiswahili chetu hapa kinaweza kutupoteza, maana tunasema jiwe ni zito na uji ni mzito, kana kwamba ni jambo moja. Mimina mafuta ya kupikia ndani ya glasi ya maji. Yataelea, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji. Lakini yamimine peke yake uone yanavyojivuta: mnato wake unazidi ule wa maji mara 50 au hata zaidi. Asali inayazidi maji maelfu ya mara, na ukiianika juani inalegea, kwa kuwa joto hupunguza mnato. Kwa hiyo uzito ni habari nyingine, na mnato ni habari nyingine.

Kosa hilo la neno moja lina gharama, na anayeilipa ni mtoto.

Unga ukichemka, chembe za wanga hunywa maji, zikavimba, kisha nyuzi zake ndefu zikanasana kama kamba zilizotupwa pamoja. Uji unashikamana. Mtoto wa miezi minane hawezi kuumeza, anautema. Mama afanyeje? Anaongeza maji, uji unateleza, mtoto anakunywa, na kila mtu anaridhika.

Sasa tupige hesabu. Gramu moja ya unga ina takriban kilokalori 3.5. Lita ya uji laini wenye gramu 50 za unga ina kilokalori 175 basi. Tumbo la mtoto hupokea kama mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 anashiba kwa mililita 240. Hapo amepata kilokalori 42. Maziwa ya mama kiasi hicho hicho yangempa kama 160! Mtoto ameshiba maji. Ukitia gramu 200 kwa lita, anapata karibu 170, ila uji huo unaganda kama posho.

Dawa yake iko nyumbani tayari, katika ulezi unaooteshwa kwa ajili ya malwa, ile pombe inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Punje ikianza kuchipua hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kukatakata zile nyuzi za wanga. Nyuzi zikiwa fupi hazinasani. Chakula hakijapungua hata chembe, mnato tu ndio umeshuka. Nchini Tanzania, ambako unga wa nafaka iliyooteshwa huitwa kimea, watafiti wameandika juu yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Loweka ulezi usiku kucha, uoteshe siku mbili au tatu kwenye kitambaa chenye unyevu, uanike ukauke kabisa, pukusa vichipukizi, kisha usage. Ukiona ukungu, tupa wote. Mtama uliochipua una hatari yake, kwa kuwa vichipukizi vyake vina sumu ya sianidi; ulezi ni salama zaidi.

Pika uji mzito wa kawaida, uepue, uuache upoe kidogo, kwani uji unaotokota huua kimeng'enya. Koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila bakuli. Baada ya dakika chache utaona uji ulioshika mwiko ukianza kumiminika. Urudishe motoni uchemke tena ili vijidudu vife. Ongeza karanga zilizosagwa au maziwa, maana wanga peke yake haumjengi mtoto, na usiache kunyonyesha.

Huu ni uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Ndugu msomaji, safari ijayo nyumbani kwenu wakianika ulezi wa malwa, omba vikombe viwili vikauke pembeni kwa ajili ya mtoto.