Waruinge na Wangila: Nani alikuwa stadi zaidi?

Mashabiki wa ndondi nchini wangali wanabishana: kati ya Philip Waruinge na Robert Wangila, nani alikuwa stadi zaidi? Wangila ndiye bondia pekee wa Kenya aliyewahi kunyakua dhahabu ya Olimpiki, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani jijini Seoul mwaka wa 1988. Waruinge aliambulia shaba Mexico City mwaka wa 1968, kisha fedha Munich mwaka wa 1972.

Hata hivyo, huko Mexico City Waruinge ndiye aliyetuzwa Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia aliyeonyesha ufundi bora katika michezo hiyo. Mabingwa wote wa dhahabu walilikosa. Isitoshe, yeye alipigana katika uzani wa kilo 57, Wangila kilo 67. Hivyo basi, medali pekee haitoshi kuamua.