Gari limeuzwa, jina limebaki!

MSOMAJI, yamkini gari lako limeegeshwa hapo nje wakati huu unaposoma ukurasa huu. Ni lile refu la mlango wa nyuma unaoinuliwa juu, ambalo wengi huliita stesheni wagoni. Limepeleka watoto shuleni, limebeba magunia ya mahindi, keki ya arusi na hata jeneza la jirani. Sasa umeamua kuliuza. Je, una hakika unajua ni nini hasa unachouza?

Swali hili si la mzaha. Nyumbani kwetu Kibarani, Kilifi, tuliwahi kuuza gari kwa furaha tele, tukala pilau siku hiyo, na mwaka mmoja baadaye askari wakabisha hodi alfajiri. Kisa chenyewe nitakusimulia kwa kuwa huenda kikakuepushia makubwa.

Pijo la baba

Baba alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1992, mwaka mmoja tu baada ya daraja la Kilifi kufunguliwa na feri kustaafishwa, alinunua Peugeot 504 iliyokwisha kutumika, rangi ya maziwa, yenye safu tatu za viti. Pale kijijini hakuna aliyetaja jina hilo kwa Kifaransa. Lilikuwa Pijo, basi.

Ikiwa wewe ni kijana, huenda hujui sifa ya gari hilo. Lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata likatunukiwa taji la gari bora la mwaka Ulaya. Lakini sifa yake hapa kwetu haikutoka Ulaya. Ilitoka kwenye vumbi na matope ya mashindano ya Safari Rally, ambako Ove Andersson alishinda nalo mwaka wa 1975. Kabla ya hapo kaka yake, Peugeot 404, alikuwa ameshinda mara nne, mwaka wa 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Hizo stesheni wagoni za 504 ndizo zilizokuwa teksi za masafa marefu nchini, dereva akiwajaza abiria mpaka goti linagusa kidevu.

Letu lilikuwa na hadithi zake. Usiku mmoja mwaka wa 1994 mama alishikwa na uchungu. Baba akawasha gari kuelekea hospitali ya Kilifi, bibi akiwa nyuma na mama, nami nikiwa mbele nimeshika kurunzi. Hatukufika. Kitinda mimba wetu alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, baba akiwa bado ameshika usukani. Tangu siku hiyo lile gari likawa kama mtu wa nyumbani.

Lilipochoka, mwaka wa 2010, alikuja mnunuzi kutoka bara. Alihesabu noti mezani. Baba akararua ukurasa wa daftari la shule, akaandika kwamba ameuza na amepokea pesa, wakatia sahihi. Mnunuzi akapewa funguo na kitabu cha gari, akaahidi kwamba angebadilisha jina "wiki ijayo."

Ile wiki ijayo haikufika. Mwaka wa 2011 askari walikuja kumwuliza baba kwa nini gari lake lilimgonga mwendesha baiskeli kisha likatoroka.

"Gari langu? Mimi sina gari, wanangu. Niliuza."

"Mzee, hapa jina ni lako."

Baba alikwenda kituoni mara saba. Ule ukurasa wa daftari ndio uliomwokoa, na ilikuwa bahati kwamba mama aliuhifadhi ndani ya Biblia yake. Mnunuzi naye alikuwa amekwisha kuliuza gari kwa mtu wa pili, na huyo akaliuza kwa wa tatu. Wote walikuwa wakiendesha jina la baba barabarani.

Sheria inasemaje?

Wengi hudhani kwamba pesa zikishapokewa, gari limetoka mikononi mwao. Sheria ya Trafiki ya Kenya, sura ya 403, haisemi hivyo. Kifungu cha 8 kinaeleza kuwa yule ambaye jina lake limesajiliwa ndiye huhesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Mlango wa kujitetea upo, lakini mzigo wa kuufungua ni wako wewe. Kifungu cha 9 nacho kinakataza gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kusajiliwa.

Zamani shughuli hii ilikuwa ya kupanga foleni na kujaza fomu. Tangu kuundwa kwa mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, NTSA, kwa sheria ya mwaka wa 2012, kazi hiyo imehamia huko, na siku hizi hufanyika kwa mtandao. Muuzaji huanzisha ombi kupitia akaunti yake, mnunuzi hulithibitisha kupitia yake, na ada hulipwa. Utahitaji kitambulisho na PIN ya kodi. Ukiwa huna ujuzi wa mtandao, mwombe mwanao akusaidie, lakini usimwachie dalali nambari zako za siri.

Mambo mawili huwakwamisha watu. La kwanza ni mkopo. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki huwa imeandikwa pamoja nawe, nayo sharti iondolewe kwanza. La pili ni mauti. Ikiwa gari lina jina la marehemu, huwezi kuliuza kwa kuwa tu wewe ni mwanawe mkubwa. Sharti kwanza mupitie mahakamani, mupewe idhini ya kusimamia mali yake.

Bei ya gari au bei ya kumbukumbu?

Baada ya Pijo, baba alikaa miaka miwili bila gari. Mwaka wa 2012 akanunua Toyota Fielder ya mwaka wa 2005, iliyoteremshwa katika bandari ya Mombasa kutoka Japani. Wakati huo, kama sasa, gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane halikuruhusiwa kuingizwa nchini, na hili lilikuwa na saba. Lilitutumikia miaka kumi na moja.

Kisha macho ya baba yakaanza kumsaliti. Usiku taa za malori yanayotoka Malindi zilimwonyesha mbili mbili. Fielder ikawa inalala chini ya mwembe wiki nzima. Wewe unayeishi pwani unajua gari linalolala hufanywa nini na upepo wa bahari. Chumvi iliyo hewani hushika unyevu juu ya chuma, na maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji matupu. Kutu haianzi pale unapoona. Huanza chini ya kapeti, kwenye shimo la tairi la akiba, kwenye kingo za ndani za milango na pale kwenye bawaba za mlango wa nyuma.

Basi mwaka wa 2023 baba akaandika "LINAUZWA" kwenye kipande cha katoni. Bei yake ilikuwa shilingi 650,000. Watu walikuja, wakachungulia, wakaondoka. Mwezi ukapita. Ndipo mama alipomwuliza swali ambalo ningependa nawe ujiulize.

"Baba Watoto, hiyo bei ni ya gari au ni ya safari ulizosafiri nalo?"

Baba alinyamaza. Msomaji, mnunuzi hakuzaliwa kwenye gari lako. Hakuliendesha siku binti yako alipofuzu. Yeye huona mwaka lilipotengenezwa, kilomita lililokwenda, hali ya injini na bodi. Ukitaka kujua bei ya haki, tafuta magari matatu au manne ya aina na mwaka kama wa lako yanayouzwa, kisha mwulize fundi asiyekuwa na faida katika mauzo hayo. Kumbuka pia kwamba kila Januari magari ya mwaka mmoja zaidi huingia kundi la yasiyoweza kuagizwa tena, na yale mapya kidogo hushusha bei ya yaliyopo.

Bati la biskuti lililouza gari

Baba alikuwa na tabia ya mwalimu: hakutupa karatasi. Kila risiti ya oili, breki, betri na shokomzoba aliitia ndani ya bati la biskuti, pamoja na daftari aliloandika tarehe na kilomita. Tangu alinunue gari, oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000, hata mwezi ule ambao karo ilikuwa haijalipwa.

Mnunuzi wa mwisho alikuwa kijana mwenye mke na watoto wawili, aliyetaka gari la kubebea familia na bidhaa za duka lake. Alikuja na fundi. Fundi alijilaza chini, akapiga bodi kwa vidole akisikiliza kama pamezibwa kwa paka, akainua kapeti. Baba hakungoja aulizwe.

"Kijana wangu, mlango wa nyuma umeanza kutu upande wa kushoto. Na kiyoyozi hakifanyi kazi tangu mwaka juzi. Mengine yote yamo humu," akamkabidhi lile bati.

Yule kijana alikaa barazani akasoma daftari karibu nusu saa. Aliposimama, hakuuliza tena kuhusu injini.

"Mzee, nipe bei ya mwisho."

"Wewe ungeuza kwa ngapi?"

Walikubaliana shilingi 480,000. Ni pungufu ya alizotaka baba, lakini nakuhakikishia kwamba bila lile bati asingezipata. Mlango wenye kutu haukumfukuza mnunuzi. Kuambiwa mapema ndiko kulikomfanya aamini mengine.

Ukiwa tayari kuuza

Kutokana na visa hivi viwili, haya ndiyo ningekushauri ewe muuzaji:

Kwanza, lisafishe gari ndani na nje, lakini usiioshe injini asubuhi ya siku ya kuonyesha. Mnunuzi mwerevu atadhani unaficha oili inayovuja. Vilevile mwache alikute injini ikiwa baridi, aiwashe mwenyewe.

Pili, usitengeneze kila kitu. Badilisha balbu, wembe za kupangusia kioo na vitu vidogo vidogo. Kupaka rangi bodi nzima ni gharama ambayo ni nadra kurudi, tena huzua shaka kwamba liliwahi kugongwa.

Tatu, usiguse mita ya kilomita. Huo ni wizi, hata kama fundi atakuambia kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Nne, mtu akitaka kulijaribu gari, panda naye, nawe uwe na mwenzako. Tazama kwanza leseni yake. Funguo zisitoke mkononi mwako naye akaenda peke yake "hapo mbele tu."

Tano, pesa zipokelewe benki, mbele ya karani. Hundi si pesa mpaka benki yako ikuambie kwamba imekubaliwa na fedha zimo.

Sita, andikeni mapatano ya kuuziana yenye majina, nambari za vitambulisho, nambari ya gari, ya chesisi na ya injini, kiasi cha pesa, tarehe, na saa ambayo gari lilikabidhiwa. Ndiyo, hata saa. Ajali ikitokea jioni hiyo hiyo, saa ndiyo itakayokutetea. Wakili akishuhudia, ni bora zaidi.

Saba, iarifu kampuni ya bima. Bima ni mapatano kati yako na kampuni, si kati ya kampuni na gari. Usimwachie mnunuzi cheti chako aendeshee "kwa siku mbili tatu."

Nane, na hili ndilo kubwa, badilisheni jina siku hiyo hiyo ya malipo, kabla gari halijaondoka. Usikubali "wiki ijayo."

Siku ya kuagana

Mimi nilikuwapo siku Fielder ilipoondoka. Baba na yule kijana walikaa kwenye kibanda cha huduma za mtandao mjini Kilifi, kila mmoja na simu yake, wakisubiri ujumbe. Kijana alikuwa na haraka, mkewe alikuwa akimpigia.

"Mzee, huniamini? Nitamalizia nyumbani."

"Nakuamini sana, mwanangu," baba akamjibu, "ndiyo maana nataka tumalize tukiwa bado twapendana."

Ujumbe ulipoingia kwamba ombi limekubaliwa, baba alilisoma mara mbili lile jina jipya, akaisogeza simu mbali kidogo na macho yake, akalisoma tena. Kisha akatoa funguo mfukoni na kumkabidhi.

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kupika. Kitinda mimba wetu, yule wa kiti cha nyuma, alipiga simu kutoka Nairobi kuuliza kama gari limekwenda.

"Limekwenda," baba alimwambia. "Na safari hii limekwenda lote."

Nawe msomaji, ukiuza lako, hakikisha limekwenda lote. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo hupenda kubisha hodi alfajiri.